Uaminifu katika Kazi za Kila Siku: Mwongozo Kamili kwa Anayejiandaa Kumtumikia Mungu

Mtu akisikia wito wa kumtumikia Mungu, swali lake la kwanza huwa: nianzie wapi? Wengi hutarajia jibu liwe chuo cha Biblia, mfungo au semina. Hayo yana nafasi yake. Ila ukiyasoma Maandiko taratibu utaona kwamba Mungu ana kawaida ya kuwakuta watu kazini, tena kwenye kazi ambazo mtu hazitaji kwa majivuno. Musa alikuwa anachunga kondoo, na kondoo wenyewe ni wa mkwewe. Gideoni alikuwa anapura ngano kwa kujificha. Elisha alikuwa nyuma ya ng'ombe wa kulimia. Daudi alikuwa malishoni, na Samweli alipofika kwao kumpaka mfalme mafuta, babaye hakuona hata haja ya kumwita. Amosi naye alijibu bila kuzunguka kwamba hakuwa nabii wala mwana wa nabii. Alikuwa mchungaji na mtunza mikuyu.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye shauku ya kutumika ambaye kwa sasa anafagia, anafua, analinda lango, anapakua mizigo, anaingiza hesabu kwenye daftari au anamuuguza mzazi nyumbani. Msimamo wangu ni kwamba kazi hiyo ndiyo darasa lenyewe, na yapo mambo yanayojifunzwa humo ambayo jukwaani hayapatikani. Soma hatua zote kwanza, kisha rudi kwenye ya kwanza. Mbili za mwanzo unaweza kuzianza wiki hii. Ya tatu itakuchukua miaka.

Hatua ya 1: Amua unamfanyia nani kazi

Paulo alipowaandikia Wakolosai kuhusu kazi, aliokuwa akiwaambia walikuwa watumwa. Hao hawakuchagua kazi, hawakuchagua bwana, na hakuna aliyewaahidi kupandishwa cheo. Hata hivyo aliwaambia wasifanye kwa "utumwa wa macho", yaani kujituma bosi anapotazama na kulegea anapogeuka, bali wafanye kwa moyo kama kwa Bwana. Kama maneno hayo yaliwahusu wao, yanatuhusu sote.

Jinsi ya kuanza: kabla ya kushika kazi, sema sala fupi inayoitaja kazi yenyewe. Usiishie kwenye "Bwana nibariki leo". Sema, "Bwana, hizi nguo ninazofua ni za watu wako, nisaidie nizifue vizuri." Ukiitaja kazi kwa jina, itakuwa vigumu kuilipua dakika kumi baadaye.

Ndugu Lawrence, mtawa Mkarmeli wa Paris aliyefariki mwaka 1691, alifanya kazi jikoni miaka mingi. Kwa tabia yake hakuipenda kabisa. Alichojifunza ni kuongea na Mungu katikati ya kelele za jikoni kama anavyoongea naye kanisani, na watu wakaanza kumfuata kuomba ushauri wa kiroho. Natamani tungelikumbuka hilo la kutoipenda kazi, maana wengi wetu husubiri kwanza tuipende ndipo tuwe waaminifu.

Hapa pana mtego. Mtu anaweza kuacha kujipendekeza kwa bosi akaanza kujipendekeza kwa Mungu: anafagia vizuri ili Mungu amwone haraka na kumtoa kwenye ufagio. Huo nao ni utumwa wa macho, umebadilisha macho tu. Utaujua kwa dalili moja: kila mwezi unaopita bila "kuinuliwa" unazidi kuwa na uchungu. Ukiiona dalili hiyo, usijilaani. Rudi kwenye sala ya asubuhi, uitaje kazi tena, uiache hapo.

Hatua ya 2: Orodhesha kazi zako zote, hasa zile unazozidharau

Chukua karatasi. Kwa wiki moja andika kila kazi unayoifanya, hata zile za dakika tano: kuosha ndoo baada ya kudeki, kujibu simu, kurudisha viti, kumbadilisha mgonjwa shuka. Mwisho wa wiki weka alama kwenye kazi ambazo hakuna mtu anayekuja kuzikagua. Kisha weka alama ya pili kwenye zile unazozifanya ilimradi ziishe.

Kazi zenye alama zote mbili ndizo shamba lako la kuanzia. Chagua moja. Watu wengi hapa hutaka kubadilika kwa mkupuo, kazi zote kumi na mbili kuanzia Jumatatu, na Alhamisi wamechoka. Moja inatosha kwa sasa. Ikizoeleka, mpaka huwazi tena kuikwepa, chukua ya pili.

Hatua ya 3: Kuwa mwaminifu na cha mwenzio

Hapa tutakaa zaidi, kwa sababu watu wengi huangukia hapa, na huduma nyingi zimeharibikia hapa pia.

Yesu aliposema kwamba aliye mwaminifu katika lililo dogo sana huwa mwaminifu katika lililo kubwa pia, hakuishia hapo. Aliendelea kuuliza: kama hamkuwa waaminifu katika mali ya mtu mwingine, ni nani atakayewapa iliyo yenu wenyewe? Mfano alioutoa kabla ya maneno hayo ni wa wakili, yaani msimamizi wa mali, aliyeshitakiwa kutapanya mali ya tajiri wake. Kwa hiyo tunaposema "mambo madogo" tuelewane kwamba mengi yake ni chenji, funguo, sabuni, mafuta, saa za kazi na vocha ya simu ya ofisi.

Bandu bandu huisha gogo. Hakuna anayeamka asubuhi akaiba sadaka ya kanisa zima. Huanza na kukopa kidogo kwenye fedha za watu kwa nia ya kurudisha kesho, na kweli kesho anarudisha, na hilo la kurudisha ndilo linalomdanganya. Akifanya hivyo mara kadhaa, ule mpaka kati ya mfuko wake na mfuko wa watu umefutika, naye hajui ulifutika lini.

Haya ndiyo ya kufanya. Fedha zisizo zako zikae mahali pake peke yake: mfuko mwingine, bahasha nyingine, akaunti nyingine. Ziandike siku hiyo hiyo, kabla hujalala. Anayekupa mpe risiti hata kama ni rafiki, na hasa akiwa rafiki. Usikopeshe kilicho cha mwajiri, hata kwa mtu mwenye shida ya kweli. Mwombee ruhusa kwa mwenye mali, au msaidie kwa cha kwako. Ukivunja au kupoteza kitu, sema kabla hakijatafutwa. Hili la mwisho ni gumu kuliko yote, na kwa maoni yangu linamtambulisha mtu mwaminifu upesi kuliko usafi wa hesabu zake, kwani hesabu safi hata mjanja anaweza kuzitengeneza.

Muda nao ni mali. Ukilipwa kwa saa nane, saa hizo umeziuza. Anayejificha stoo kusoma Biblia wakati wa kazi anamwibia mwajiri wake, na utakatifu wa kitabu alichoshika haubadilishi chochote. Soma wakati wa mapumziko.

Biblia ina habari nzuri sana kuhusu hili katika 2 Wafalme sura ya 12. Hekalu lilihitaji kutengenezwa. Fedha ziliwekwa kwenye sanduku, na zilipokuwa nyingi mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuja pamoja, wakazihesabu na kuzifunga. Walihesabu watu wawili. Kisha zikapewa wasimamizi wa kuwalipa maseremala, waashi na wakata mawe, na wasimamizi hao hawakudaiwa hesabu kwa sababu walitenda kwa uaminifu. Angalia mambo hayo mawili yalivyokaa pamoja: upande mmoja utaratibu, upande mwingine watu ambao neno lao lilitosha. Ukiwa mwaminifu usichukie kukaguliwa. Omba ukaguliwe. Omba mtu wa pili wa kuhesabu naye. Yule anayesema "hamniamini?" pale anapoletewa daftari anatia shaka kuliko asiyejua kuandika hesabu kabisa.

Mtakatifu Benedikto, katika kanuni aliyowaandikia watawa wake karne ya 6, alimwagiza mtunza ghala avitazame vyombo na mali yote ya monasteri kana kwamba ni vyombo vitakatifu vya altare. Majembe na sufuria, ndivyo vilivyokuwa mikononi mwake. Na wapishi wa zamu walitakiwa kuvirudisha vyombo vikiwa safi na vizima. Ukitaka zoezi la wiki hii, ni hilo: kila kitu ulichoazima au kukabidhiwa kirudi kikiwa safi, kizima, kwa wakati.

Na kama unadhani ukaribu na watumishi wa Mungu unatosha kumlinda mtu, mkumbuke Gehazi. Alikuwa mtumishi wa Elisha na aliiona miujiza kwa macho yake. Naamani, jemadari wa Shamu mwenye ukoma, alipoponywa, Elisha alikataa zawadi zake. Gehazi akamkimbilia Naamani, akatunga uongo kwa jina la bwana wake, akapewa fedha na mavazi, akayaficha nyumbani. Alirudi akasimama mbele ya Elisha kama hakuna kilichotokea. Ukoma wa Naamani ukamshika yeye.

Hatua ya 4: Maliza kazi

Kazi nyingi huachwa kwenye asilimia tisini. Sakafu imedekiwa ila maji machafu yamebaki kwenye ndoo. Barua imeandikwa, haijatumwa. Watu wamelishwa, sufuria ziko sinki.

Kwa ile kazi uliyoichagua katika hatua ya 2, andika sentensi moja inayosema imeisha lini. "Nimemaliza kudeki pale ndoo imeoshwa, tambara limeanikwa na viti vimerudi mahali pake." Bila sentensi hiyo utakuwa unajadiliana na uchovu wako kila siku, na uchovu ni hodari wa kujadiliana.

Ruthu alipookota masazo katika shamba la Boazi, alishinda shambani mpaka jioni, na hakubeba masuke nyumbani. Alipura alichookota, akapata kama efa moja (kipimo cha kale cha nafaka) ya shayiri, akambebea mkwewe pamoja na chakula alichokuwa amekibakiza. Na Yesu mwenyewe, baada ya kulisha watu elfu tano, aliwaambia wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki, kisipotee kitu. Muujiza umekwisha kutendeka, umati umeshangaa, na wanafunzi wako uwanjani wanaokota mabaki vikapu kumi na viwili. Wengi wetu tungekuwa tayari tumeondoka tukiuhubiri muujiza.

Hatua ya 5: Jifunze kazi mpaka uijue

Zaburi ya 78 inasema Mungu alimtoa Daudi katika mazizi ya kondoo awachunge watu wake, naye akawalisha kwa ukamilifu wa moyo na kuwaongoza kwa ustadi wa mikono. Moyo na mikono, vyote viwili. Mtu mwenye moyo mzuri asiyeijua kazi yake ni mzigo kwa wenzake, hata tukimpenda namna gani.

Mtu wa kwanza ambaye Biblia inasema Mungu alimjaza roho yake kwa ajili ya kazi ni Bezaleli, fundi wa dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao, katika Kutoka sura ya 31. Kwa hiyo usifikiri kwamba kuijua kazi ya mikono ni jambo la pembeni ambalo watu wa kiroho wanaweza kuliruka.

Muulize aliyekutangulia jinsi anavyofanya, umtazame, ujaribu mbele yake, ukubali kusahihishwa. Chagua ujuzi mmoja ndani ya kazi yako na uufanyie kazi kwa miezi kadhaa: kupanga ghala ili kitu kipatikane haraka, kuongea na mteja mwenye hasira, kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza, kuandika kumbukumbu zinazosomeka.

Utakachokipata humo kinavuka kazi yenyewe. Anayehudumia mapokezi hujifunza kusikiliza watu wenye haraka. Anayeuguza hujifunza kwamba mwili wa binadamu hauna adabu na heshima yake inalindwa na anayemhudumia. Mlinzi wa usiku hujifunza kukesha. Mchungaji wa kanisa atayahitaji yote matatu, na chuoni atafundishwa machache sana ya hayo.

William Carey, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1761, alikuwa fundi viatu. Alijifunza lugha huku akishona, na ukutani alibandika ramani ya dunia aliyoichora, akaandika humo habari za nchi na watu wake, akiwaombea. Mwaka 1793 alisafiri kwenda India. Mwaka 1801 Agano Jipya la Kibengali likachapishwa, na kazi ya tafsiri ikaendelea mpaka alipofariki mwaka 1834. Kufasiri Biblia ni kukaa kitini, neno kwa neno, siku baada ya siku, bila kupigiwa makofi. Kiti cha fundi viatu kilikuwa kimeshamzoeza kukaa.

Hatua ya 6: Kaa chini ya mtu, na ujue mpaka wa kukaa huko

Elisha, ambaye baadaye alifanya miujiza mikubwa, alitambulishwa kwa wafalme kama mtu aliyemiminia Eliya maji mikononi. Ndivyo watu walivyomjua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama kwenyewe ni kutumwa, kusahihishwa, na kuona wazo lako likipewa jina la mwingine bila wewe kupiga kelele.

Nehemia ni mfano mzuri wa namna ya kuishi na bosi. Alikuwa mnyweshaji wa mfalme wa kigeni. Habari mbaya za Yerusalemu zilimfikia mwezi wa Kisleu, akafunga na kuomba. Mwezi wa Nisani, kama miezi minne baadaye, ndipo alipozungumza na mfalme, na hapo ni mfalme aliyeuliza kwa nini uso wake una huzuni, maana hajawahi kuwa na huzuni mbele yake. Alipopewa nafasi alikuwa na jibu: anataka kwenda wapi, atarudi lini, anahitaji barua gani na miti ya nani. Hakusema tu "Mungu amenituma". Ukitaka ruhusa kazini kwa ajili ya huduma, nenda hivyo: tarehe, nani atashika nafasi yako, kazi ipi utaimaliza kabla ya kuondoka.

Sasa kuhusu mpaka, nitasema bila kupaka rangi. Yapo makanisa na mashirika yanayotumia maneno "uaminifu katika madogo" kuwatumikisha vijana bila malipo waliyoahidiwa, na anayelalamika anaambiwa hana moyo wa utumishi. Yakobo sura ya 5 inasema ujira wa wakulima uliozuiliwa unapiga kelele, na vilio vyao vimeingia masikioni mwa Bwana. Kudai ujira uliokubaliwa si kukosa uaminifu. Daudi alimpigia Sauli kinubi kwa moyo wote, lakini Sauli alipomtupia mkuki, Daudi alikwepa, na mwishowe akakimbia. Hakukaa aendelee kupiga kinubi ili athibitishe unyenyekevu wake. Na wakunga wa Waebrania, Shifra na Pua, walipoagizwa na Farao kuwaua watoto wa kiume, hawakutii, na Mungu akawatendea mema. Ukiagizwa kughushi hesabu, kudanganya mteja au kumdhuru mtu, kataa. Ukipigwa au kunyanyaswa kimwili, ondoka na utafute msaada.

Hatua ya 7: Panga jinsi utakavyoivuka miaka mirefu

Yusufu alikuwa na miaka 17 anapoanza kutajwa akichunga kondoo na ndugu zake, na miaka 30 aliposimama mbele ya Farao. Katikati kuna shimo, utumwa, kusingiziwa na gereza. Kila alipofika, aliyemsimamia alimwachia kazi na kuacha kumkagua. Lakini soma pia Mwanzo 40: Yusufu alimwomba mnyweshaji mkuu amkumbuke kwa Farao amtoe gerezani. Alitaka kutoka. Kutamani kutoka na kuifanya kazi vizuri vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja. Mnyweshaji alimsahau miaka miwili mizima.

Ili usiishie njiani, tenga dakika chache mwisho wa kila wiki ujiulize maswali matatu kwa maandishi: nililipua wapi, nilichukua kisicho changu wapi, nilimtendea nani kwa dharau kwa sababu nilijiona niko juu ya kazi hii? Palipo na jibu, tengeneza mapema wiki inayofuata: rudisha, omba radhi, rudia kazi. Usisubiri ibada maalumu ya toba kwa ajili ya sufuria ambayo hukuiosha. Iosheni tu wewe na aibu yako, maisha yaendelee.

Pumzika pia. Amri ya sabato iliwataja mtumwa na mjakazi, hata ng'ombe na punda. Mtu aliyechoka kupita kiasi huanza kukasirikia watu aliotumwa kuwahudumia.

Hatua ya 8: Tafuta kazi isiyo na mtu katika kanisa lako

Ukishaanza kuwa imara kazini na nyumbani, nenda kwa kiongozi wako. Swali la kumuuliza ni moja: kuna kazi gani hapa ambayo haina mtu? Huenda ukaambiwa vyoo, viti, watoto wa miaka mitatu, kuwatembelea wazee, kuandika majina ya wageni. Chukua moja, uifanye kwa muda mrefu wa kutosha mpaka watu wasahau kwamba wakati fulani ilikosa mtu.

Katika Matendo sura ya 6, mitume walitaka watu saba wa kusimamia mgawo wa chakula kwa wajane. Masharti yake: wawe wameshuhudiwa kuwa wema, wamejaa Roho na hekima. Kwa kazi ya kugawa chakula! Wawili kati yao, Stefano na Filipo, tunawajua zaidi kwa kuhubiri. Lakini watano waliobaki hatusikii wakihubiri popote, na hakuna mahali Maandiko yanapowahesabu kuwa walioshindwa.

Inabidi tuseme hivyo kwa uwazi, kwa kuwa mafundisho mengi kuhusu uaminifu humalizika kwa kiti cha enzi. Wengine hubaki kwenye kazi ile ile. Mambo ya Nyakati cha kwanza, sura ya 9, inamtaja Mlawi aitwaye Matithia ambaye kazi yake ilikuwa kusimamia vitu vilivyookwa katika makaango. Jina lake limeandikwa pamoja na mabawabu na waimbaji. Yosefina Bakhita, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto huko Sudan na baadaye kuwa mtawa nchini Italia, alipika, akashona na kukaa mlangoni kupokea wageni katika mji wa Schio. Alifariki mwaka 1947, na Kanisa Katoliki likamtangaza mtakatifu mwaka 2000. Mlango ulikuwa sehemu ya huduma yake. Haukuwa njia ya kuifikia huduma nyingine.

Neno kwa viongozi, kama wanasoma: mkiwatuma vijana kusafisha vyoo, siku moja moja muwe nao mkiwa na glavu mikononi. Yesu aliyewaosha wanafunzi miguu alikuwa mwalimu wao, na alijua hivyo alipojifunga kitambaa.

Hatua ya 9: Mlango ukifunguka, kabidhi kazi vizuri

Utajuaje kwamba wakati umefika? Kwa kawaida wengine huona kabla yako. Timotheo alishuhudiwa vema na ndugu wa Listra na Ikonio kabla Paulo hajamchukua. Kama ni wewe peke yako unayeuona wito wako, na wanaofanya kazi na wewe kila siku wanashangaa kuusikia, ongeza muda.

Pia usidhani ni lazima uache kazi. Paulo alikuwa mshona hema, akakaa na Akila na Prisila huko Korintho kwa kuwa kazi yao ilikuwa moja, na alipowaaga wazee wa Efeso aliwaonyesha mikono yake iliyomtumikia yeye na waliokuwa pamoja naye. Kwa wengi, huduma na kazi vitaendelea pamoja hadi mwisho.

Ukilazimika kuondoka, ondoka kama Daudi. Babaye alipomtuma kuwapelekea kaka zake chakula vitani, siku aliyokutana na Goliathi, aliamka mapema, akawaacha kondoo kwa mlinzi, na alipofika kambini akaukabidhi mzigo kwa mtunza vyombo kabla ya kukimbilia mstari wa mbele. Nawe toa taarifa kwa muda uliokubaliwa kwenye mkataba, au mrefu zaidi kama unaweza. Andika kwenye karatasi kila unachokifanya, hata yale ambayo hakuna aliyekuagiza, kwa maana hayo ndiyo yatakayopotea ukiondoka. Hesabu vifaa mbele ya anayevipokea, mtie saini wote wawili. Rudisha funguo, sare na simu ya ofisi. Lipa madeni madogo uliyokopa kwa wenzako. Fanya kazi na anayekupokea kwa siku kadhaa, umwonyeshe kona zinazosahaulika, na uwe tayari kupokea simu zake katika wiki za kwanza atakapokwama.